Kungwi wa Uwanjani: Historia ya Kuulea Moyo wa Mwanamichezo Temeke na Kinondoni

Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam wana neno ambalo halimo katika orodha ya kazi za benchi la ufundi: mchecheto. Penalti inapopaa juu ya lango pale Chang'ombe, jukwaani hasemi mtu kwamba mguu wa mpigaji ulikuwa dhaifu. Wanasema amepata mchecheto, na kila aliyekaa jirani anaelewa kwamba kilichoyumba ni kile kinachoutuma mguu. Klabu ina kocha wa makipa, kocha wa viungo, daktari, mchua misuli na mtunza vifaa. Huo mchecheto amekabidhiwa nani? Huko Ulaya na Marekani wapo siku hizi mabingwa wengi waliotundika viatu ambao kazi yao ni kuwafundisha wenzao namna ya kuituliza akili kabla ya pambano na kuiinua baada ya kushindwa. Wazo hilo likitajwa kwetu hupokelewa kama mzigo ulioshuka bandarini jana. Hoja ya makala haya ni kwamba kazi hiyo ina umri mkubwa kuliko klabu zetu zenyewe, kwamba katika vitongoji vya Dar es Salaam haijawahi kukosa wa kuishika, na kwamba tukiwafuata walioishika mmoja baada ya mwingine, tutamjua anayestahili kuishika sasa.

Kabla Waingereza hawajapima mitaa ya Temeke na Magomeni, ardhi hii ilikuwa ya mashamba na vijiji vya Wazaramo na jirani zao wa pwani, na katika vijiji hivyo kijana hakuachwa avuke peke yake kuingia utu uzima. Mvulana aliyekwenda jandoni aliwekwa kumbini, mbali na mama yake, chini ya uangalizi wa kungwi. Msichana aliyevunja ungo naye aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na kungwi wa kike au somo. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz aliishi na Wazaramo wa Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu mila na ishara za jamii hiyo iliyokuwa ikibadilika kinaonyesha jinsi mafundisho hayo yalivyofungamana na nyimbo, mafumbo na vitendo vya mwili. Kwa hoja yetu, mambo matatu ya kungwi ndiyo yenye uzito. La kwanza, yeye mwenyewe alikuwa amepita. Hakuna aliyefundwa na mtu ambaye hakufundwa. La pili, hakuja kuyaondoa maumivu, alikuja kuyapa maana, na akampa mwanafunzi wimbo wa kushika pindi mwili unapotaka kukimbia. La tatu, hakuondoka siku ile ile: uhusiano wao uliendelea, na mtu mzima mwenye shida aliweza kurudi kwa kungwi wake. Mtu anayetafuta mzizi wa kocha wa akili katika udongo wa Dar es Salaam aanzie hapo.

Mji ulipokua, mashindano yalihamia kwanza katika ngoma. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vikundi vya beni, Marini na Arinoti, viligawa mji kwa sare, vyeo na nyimbo za kupigana vijembe, na soka lilipoingia mitaani lilirithi uhasama ule uliokwisha kuundwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu ambayo baadaye iliitwa Sunderland na kisha, mwaka 1971, Simba. Wanahistoria wa mji huu, akiwamo Mjapani Tadasu Tsuruta, wameeleza jinsi klabu hizo zilivyokuwa pia vyama vya kuzikana, kusaidiana na kutambuana mjini. Kwa hiyo aliyeingia uwanjani hakubeba jina lake tu. Alibeba mtaa, wazee waliokaa barazani, na maneno yatakayosemwa sokoni kesho yake. Uzito huo ulikuwa mpya. Mwali alitazamwa na kijiji chake. Mchezaji alitazamwa na nusu ya mji iliyomwombea mema, na nusu nyingine iliyomwombea ateleze. Ila kungwi hakumfuata mjini. Pengo likabaki, na pengo la hofu halikai wazi kwa muda mrefu.

Aliyeliziba ni mganga. Lloyd Swantz, mume wa Marja-Liisa, aliwachunguza waganga wa Kizaramo waliofanya kazi ndani ya Dar es Salaam, na utafiti wake uliochapwa kuwa kitabu mwaka 1990 unapingana na dhana kwamba mji huua uganga. Mji uliupa uganga wateja wapya: mtu anayetafuta kazi, mtu mwenye kesi, mfanyabiashara anayemhofia jirani, mpenzi asiye na hakika. Mchezaji wa mpira anaingia moja kwa moja katika orodha hiyo, kwa sababu maisha yake ni kungoja jambo asiloweza kulitawala. Ndiyo maana maneno kamati ya ufundi, ambayo katika katiba ya klabu yana maana ya kawaida kabisa, yalipata mtaani maana ya pili, ya kushughulikia ndumba, ambayo kila shabiki anaijua. Mtafiti wa Kinorwe Anne Leseth, katika makala aliyochapisha mwaka 1997 kuhusu uchawi katika soka la Tanzania, alilichukua jambo hilo kwa uzito wake badala ya kulikejeli. Mambo hayakuwa ya siri sana pia: mwaka 2003 chama cha soka cha taifa kiliwatoza faini Simba na Yanga wote wawili kwa vitendo vya kishirikina uwanjani.

Ni rahisi kuufunga ukurasa huu kwa neno ujinga, lakini neno hilo halielezi kwa nini watu wenye shule, fedha na nafasi serikalini waliendelea kuchangia ndumba. Tutazame mganga alikuwa akitoa nini. Alitoa utaratibu: ingieni kwa mlango huu, tangulizeni mguu huu, msisalimiane na yeyote. Mtu mwenye utaratibu ana jambo la kufanya katika ile saa moja kabla ya mchezo, saa ambayo akili isiyo na kazi hujila yenyewe. Alitoa pia faragha ya kambi. Desturi ya kuzitoa timu Dar es Salaam kabla ya pambano la watani, Simba na Yanga, na kuzipeleka Zanzibar, Pemba au Morogoro ilikuwa na sababu nyingi, hofu ya kurogwa na hofu ya wachezaji kuhongwa zikiwamo, lakini matokeo yake yalikuwa yale yale ya kumbini: vijana wametengwa na kelele, wanakula pamoja, wanalala pamoja, na wanasikia sauti chache. Zaidi ya yote, mganga aliigawa lawama. Ukifungwa, dawa ya wenzio ilikuwa kali. Katika mji ambao kukosa bao kungeweza kumfukuza mtu mtaani, huo ulikuwa msaada wa kweli.

Lakini msaada huo ulikuwa na bei, na bei yake ndiyo inayomvua mganga haki ya kuirithi kazi ya kungwi. Mganga hakupita. Hakuwahi kusimama mbele ya mpira huku uwanja mzima umenyamaza. Alichojua kuhusu hofu ya mchezaji alikijua kwa kuelezwa. Halafu, kwa kuiweka sababu ya ushindi nje ya mchezaji, alimnyang'anya mchezaji kazi yake mwenyewe: aliyeshinda hakujifunza alichofanya sawa, na aliyeshindwa hakujifunza alichokosea. Baya kuliko yote, mantiki ya kurogwa haiwezi kukaa na adui wa nje peke yake. Punde si punde inageukia ndani, kipa anashukiwa kuuza mechi, mfungaji anashukiwa kuzima nyota ya mwenzake, na timu iliyokwenda kambini ili iungane inarudi imegawanyika. Kungwi aliwafunga wanafunzi wake katika undugu wa maisha. Kamati ya ufundi iliwafundisha wachezaji kuogopana.

Baada ya uhuru alikuja mshindani mwingine wa kazi hii, naye alivaa gwanda. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 na Jeshi la Wananchi mwaka 1964, na kambi zao zikazunguka vitongoji hivi: Mgulani upande wa Temeke, Lugalo upande wa Kinondoni. Kutoka jeshini mchakamchaka ulipita hadi shule za msingi, na watoto wengi wa miaka ya 1970 na 1980 waliianza asubuhi yao kwa kukimbia wakiimba. Tuutazame mchakamchaka kama mbinu ya kuilea akili. Pumzi inafuata wimbo, mguu unafuata pumzi, aliyechoka anabebwa na sauti ya mwenzake, na uchovu unageuka kuwa jambo la wote. Si ajabu kwamba majina makubwa ya riadha yetu yametoka katika jeshi: Filbert Bayi, Juma Ikangaa, na katika kizazi hiki Alphonce Simbu. Jeshi lilimpa mwanariadha mshahara, chakula, ratiba na heshima, na hakuna akili inayotulia bila hivyo. Lilichoshindwa kukitoa ni ruhusa ya kusema. Afande hufundisha kutii ili hofu isitawale. Hana muda wa kumsikiliza mtu mmoja akieleza kwa nini usiku wa kuamkia mbio halali.

Wa nne katika mlolongo huu ni mchezaji aliyerudi. Mwaka 1970 bondia Titus Simba alitwaa nishani ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, akishindwa fainali na John Conteh wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Ngumi za Dar es Salaam zilikua kutoka kizazi hicho, na kizazi hicho ndicho kilichozaa cheo ambacho hakimo katika kanuni yoyote: masta. Habib Kinyogoli, bondia wa timu ya taifa ya miaka ya 1970, aliwafunza vijana wa mji huu kwa miongo kadhaa, na hata wasiopigana walimjua kwa cheo hicho. Masta wa ngumi hafundishi jebu peke yake. Ndiye anayemfunga kijana mikono kabla ya pambano, anayemtazama machoni baina ya raundi katika ile dakika moja ya kiti, na ndiye anayeamua kulirusha taulo ulingoni. Kazi hizo tatu ni za akili kabla hazijawa za mwili, na hakuna anayezifanya vizuri bila kuwahi kukikalia kiti kile.

Katika soka mfano ulio wazi kuliko yote ni Abdallah Kibadeni. Tarehe 19 Julai 1977 alifunga mabao matatu Simba ilipoishinda Yanga 6–0, matokeo ambayo mashabiki wa pande zote mbili bado wanayahesabu kwa tarehe. Miaka 16 baadaye alikuwa kocha wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF. Timu ilitoka sare ya 0–0 ugenini Abidjan dhidi ya Stella, ikarudi nyumbani mji ukiwa umeshaanza kusherehekea, kisha ikafungwa 2–0 mbele ya watu wake. Hakuna anayeweza kuipima hofu ya siku ile na kusema ilifunga mabao mangapi. Lakini mpangilio wa matukio unafundisha: ugenini, bila matarajio ya mtu, timu ilisimama imara; nyumbani, ikiwa imebeba ndoto ya taifa zima, ilianguka. Kocha aliyewahi kufunga mabao matatu katika pambano la watani anaujua uzito wa kutazamwa na nyumbani kuliko mwalimu yeyote wa kuajiriwa kutoka nje. Alichokosa Kibadeni, kama walivyokosa wenzake wote wa zama hizo, ni mtu wa pili pembeni yake ambaye kazi yake ingekuwa huo uzito tu.

Njia ya bingwa hadi kuwa mlezi inaonekana kwa ukamilifu zaidi katika maisha ya Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand, aliyekuwa nyuma yake, naye akikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata huko Kingston, Jamaica, aliweka rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Wataalamu wa riadha waliishangaa mbinu yake kuliko muda wake. Anayekimbia nyuma ana mgongo wa kuutazama, na akili yake ina kazi. Anayeongoza hana cha kutazama isipokuwa mashaka yake. Kuongoza mita 1,500 zote mbele ya wakimbiaji bora wa dunia ni uamuzi wa kukaa peke yako na hofu kwa zaidi ya dakika tatu. Kisha yakaja mambo ambayo mbinu haiyatibu. Mwaka 1976 nchi za Kiafrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, na pambano ambalo dunia ililingoja, Bayi na Walker, likafa. Alipofika Moscow mwaka 1980 alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza tena, akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho, akapata fedha. Nishani hiyo na ile ya fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000 ndizo zilizoiingiza Tanzania katika orodha ya washindi wa nishani za Olimpiki.

Mtu huyo, aliyekwisha kujua kuwa wa kwanza duniani, kunyimwa nafasi kwa sababu isiyomhusu, na kupitwa dakika ya mwisho mbele ya macho ya dunia, alikwenda wapi? Alikwenda Kimara, wakati huo ikiwa sehemu ya Kinondoni kabla ya Ubungo kuwa wilaya, na huko yeye na mkewe Anna wakaanzisha shule ya watoto wadogo, ambayo baadaye ilikua ikaenea hadi Kibaha ikiwa na michezo ndani ya ratiba yake. Kwa miaka mingi alikuwa pia Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Si haki kumbandika Bayi cheo cha kocha wa akili ambacho hakukidai. Lakini ni haki kuona mwelekeo wa hatua zake: bingwa aliyefika mwisho wa mwili wake aliamua kwamba alichobaki nacho cha kugawa ni malezi, na akakigawa kwa watoto kabla hawajafikia umri wa kuogopa. Juma Ikangaa alifuata njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1988 alipoteza mbio za Boston kwa Ibrahim Hussein wa Kenya kwa tofauti ya sekunde moja, akawa wa pili tena Boston mwaka 1989 na 1990, na katikati ya mfululizo huo wa machungu, Novemba 1989, akashinda New York kwa saa 2:08:01. Fundisho linalohusishwa naye duniani kote ni kwamba nia ya kushinda haina thamani bila nia ya kujiandaa. Mwaka 2017, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, alikuwa nyuma ya mashindano ya riadha ya wanawake yaliyoitwa Ladies First, yaliyofanyika katika viwanja vya taifa pale Temeke. Mwanamume aliyeshindwa kwa sekunde moja alirudi kuwaambia wasichana kwamba nafasi yao ipo.

Hapa pingamizi la kwanza linastahili kusikilizwa. Bingwa, watasema, si lazima awe mwalimu. Wapo waliocheza kwa kipaji kiasi kwamba hawawezi kueleza walichofanya, na wapo wanaoamini kwamba dawa iliyowaponya wao itamponya kila mtu. Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo maana kupita peke yake hakutoshi. Lakini elimu peke yake nayo imeshapimwa na kupungukiwa. Saikolojia ya michezo kama taaluma ina zaidi ya karne: Norman Triplett alichapisha uchunguzi wake kuhusu waendesha baiskeli mwaka 1898, na Coleman Griffith alifungua maabara yake katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1925. Mwaka 1958 Brazil ilikwenda Kombe la Dunia ikiwa na mwanasaikolojia João Carvalhaes, ambaye kutokana na majaribio yake alimwona Pelé, mwenye umri wa miaka 17, kuwa bado mtoto, na akamtilia shaka Garrincha pia. Kocha Vicente Feola aliuweka kando ushauri huo, na wawili hao wakaipa Brazil kombe. Kosa la Carvalhaes halikuwa kutosoma. Alikuwa na vipimo, hakuwa na jicho la aliyecheza. Basi jibu la pingamizi ni kuunganisha: bingwa asome, na msomi asikae bila bingwa. Kungwi naye hakupewa wanafunzi siku aliyotoka kumbini. Alikaa kwanza chini ya waliomtangulia.

Pingamizi la pili linatoka tumboni. Mchezaji wa Tandika au Manzese hana viatu vizuri, hana bima, hajalipwa miezi miwili. Kumletea mtu wa kumtuliza akili ni kumpaka manukato mwenye njaa. Hoja hii ina uchungu na haipaswi kupuuzwa, kwa maana akili haitulii juu ya deni la kodi. Hata hivyo historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba katika ufukara huo huo fedha za kuishughulikia hofu zilipatikana siku zote. Zilichangwa na wanachama, zikapelekwa kwa wataalamu wa giza, na hazikuandikwa popote. Kwa hiyo swali la kama tunamudu kumlipa mtu wa kuulea moyo wa mchezaji lilikwisha kujibiwa zamani, tumekuwa tukilipa. Linalobaki ni nani alipwe, afanye kazi mchana au usiku, na amjibu nani akimharibu mtoto wa mtu. Isitoshe, mchezaji asiyelipwa ndiye anayemhitaji zaidi mlezi aliyepita njia hiyo, wa kumfundisha namna ya kusoma mkataba, kukataa bahasha, na kupanga maisha yatakayokuja baada ya miguu kuchoka.

Pingamizi la tatu ni la imani. Wengi watasema kwamba Mungu anatosha: timu husoma dua, wengine husali, na moyo hutulia. Hakuna sababu ya kushindana na hilo, na kocha wa akili anayeidharau ibada ya mchezaji wake amekwisha kushindwa kazi. Lakini waumini hao hao hawaachi kumpeleka mgonjwa Muhimbili kwa sababu wamemwombea. Dua humkabidhi mtu kwa Mola wake; hamwambii kipa alikuwa akitazama wapi wakati krosi inapigwa, wala hamfundishi mkimbiaji kugawa pumzi baada ya kilomita ya 35. Mambo hayo yana ufundi wake, yanajifunzwa kwa mazoezi kama yanavyojifunzwa mashuti, na anayeyafundisha hachukui nafasi ya shehe wala mchungaji.

Pingamizi la nne ndilo zito kuliko yote, na linagusa mzizi wenyewe wa hoja hii. Jando, watasema, lilikuwa na ukali. Jeshi lina ukali. Na wanamichezo wa zamani wana tabia ya kuutukuza ukali uliowapata. Ukiwakabidhi vijana, utarithisha majeraha. Tumchukue mwanariadha wetu John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968 huko Mexico City alimaliza marathoni akiwa wa mwisho kati ya waliofika, goti likiwa limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, kwa sababu aliamini kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza. Taifa linajivunia tendo hilo, na ni haki lijivunie. Lakini tukiligeuza kuwa amri, tutamfundisha kila mtoto kwamba maumivu hayasemwi. Mwaka 2021 huko Tokyo Simone Biles wa Marekani, mwana jimnastiki bora wa zama zake, alijiondoa katika fainali kwa sababu akili yake ilikuwa imeacha kuujua mwili wake ulipo hewani, hali ambayo ingeweza kumvunja shingo. Mwaka huo huo, nchini Kenya, bingwa wa mbio ndefu Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, na wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels ili wanawake wa riadha wapate pa kusemea. Akhwari na Biles hawapingani. Mmoja alijua kwamba mwili wake ungebeba, mwingine alijua kwamba wake usingebeba, na kazi ya mlezi ni kumsaidia mtu aijue tofauti hiyo kabla haijawa msiba. Masta wa ngumi tayari ana alama ya hekima hiyo mkononi mwake: taulo. Anayejua kumwambia kijana endelea lazima awe pia mtu anayeweza kulirusha.

Leo vifaa vyote vya kuijenga kazi hii vipo ndani ya vitongoji hivi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi ya michezo. Azam ina uwanja na kituo chake Chamazi, manispaa ya Kinondoni ina timu yake, KMC, na Simba ilikwenda kujenga viwanja vya mazoezi Bunju, katika eneo lile lile ambako miaka ya 1960 mtafiti wa Kifini alikuwa akiandika habari za mwali na kungwi. Mabingwa pia wapo. Mbwana Samatta alitoka mchangani Mbagala, akapita Lubumbashi, akawa mfungaji bora wa Genk ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa katika Ligi Kuu ya Uingereza. Anaujua upweke wa chumba cha ugenini kuliko kitabu chochote. Simbu alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, akapata shaba London mwaka 2017 na fedha Birmingham mwaka 2022, na tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani hatua za mwisho kabisa, wote wawili wakiandikiwa muda mmoja wa saa 2:09:48. Miaka tisa ya kuikaribia dhahabu bila kuigusa ni shule nzima, na mwalimu wake yu hai.

Kinachokosekana ni kiti. Katika kanuni za klabu, katika bajeti za vyama, katika kozi za ukocha, nafasi ya mtu wa akili inapaswa kuandikwa kwa jina, ikiwa na sifa mbili zisizotengana: awe amepita, na awe amesoma. Awe na miiko ya kutunza siri kama kungwi, nidhamu ya ratiba kama afande, na taulo begani kama masta. Ada yake ilipwe mchana na iandikwe kitabuni. Siku nafasi hiyo itakapojazwa, kijana wa Temeke atakayeuweka mpira kwenye nukta pale Chang'ombe atakuwa na mchecheto bado, kwa sababu hofu ni sehemu ya kujali. Ila nyuma ya mstari, kwenye benchi, atakuwapo mtu aliyewahi kusimama hapo hapo, aliyekosa siku moja na akaishi, ambaye jana yake walizungumza juu ya sekunde hizi, na ambaye kesho, mpira ukiingia au ukipaa, atakuwapo tena.